Jibu: Rehani ina majani makubwa lakini hainukii

Dada, umeuliza kwa nini rehani na nanaa zako hapo Kisasa, Dodoma, ulizoziweka kwenye makopo chini ya mwarobaini, zina majani mapana ya kupendeza, ila ukiyafikicha hayanukii. Mimi naulaumu huo mwarobaini unaozifunika kwa kivuli.

Harufu ni mafuta, na mafuta hayo hukaa kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani. Mmea huyatengeneza kutokana na sukari inayopatikana kwa mwanga. Ukiwa kivulini, nguvu yake chache huishia kutanua jani na kurefusha shina kulitafuta jua, basi mafuta yanakuwa haba. Jani kubwa, laini, jembamba: ndiyo dalili yenyewe.

Rehani ipate jua kwa muda wa masaa 6 hadi 8 kwa siku. Nanaa huvumilia kivuli zaidi, ila usiinyime jua la asubuhi. Giligilani ni habari nyingine kabisa: joto letu la Dodoma la Oktoba na Novemba huifanya itoe maua mapema, majani yakaisha, kwa hiyo itandie neti ya kivuli mchana.

Tafadhali usihamishe makopo yote juani kwa siku moja! Majani yaliyozoea kivuli yataungua. Yasogeze kidogo kidogo kwa wiki nzima, utandaze nyasi kavu juu ya udongo, maana upepo wa huku unakausha haraka. Halafu chuma asubuhi, umande ukishakauka, kabla rehani haijachanua.