Kisumu kwa siku mbili: ulale wapi?

Nilikaa mapokezi ya gesti moja mjini Kisumu kwa miaka sita, na hadi leo watu hunipigia simu kabla ya kusafiri. Haya ni maswali ya wasomaji watano.

Tunakuja Kisumu mara ya kwanza, mimi na mke wangu, na tutalala siku mbili tu. Kinachotuleta ni ziwa. Tulale Dunga ufukweni au mjini? – Msomaji, Meru

Ndugu yangu, kulala mara mbili maana yake mna siku moja tu nzima, na hiyo ndiyo ya kulindwa. Wageni wengi hudhani ukilala popote Kisumu utafungua dirisha uyaone maji. Sivyo. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, bandari na stesheni vilichukua ukingo wa ziwa na mji ukajengwa nyuma yake. Unaweza kushinda kutwa barabara ya Oginga Odinga bila kuliona ziwa hata kidogo.

Dunga maji yapo, mashua zipo, samaki wanapakuliwa mbele ya macho yako. Ila giza likiingia, ukihitaji duka la dawa au benki, utarudi mjini. Mimi ningelala Milimani. Ni mtaa wa miti na utulivu, uko kati ya mji na njia ya kwenda Hippo Point na Dunga, na tuktuk hazikosekani. Asubuhi na mapema mwende Dunga mpande mashua jua likiwa bado pole. Mpatane bei mkiwa bado nchi kavu, na msikubali kuondoka bila jaketi za kujiokolea. Mchana, jua linapochoma, mwingie makumbusho. Jioni mkae Hippo Point mtazame jua likizama ziwani.

Kuhusu chumba chenye mandhari ya ziwa, ambacho huwa ghali: upepo wa Ghuba ya Winam husukuma magugu maji huku na huku. Nimewahi kufungua pazia alfajiri nikakuta uwanja wa kijani badala ya maji, ndege weupe wanatembea juu yake, na mvuvi amesimama ndani ya mashua anasukuma kwa mti mrefu bila kusogea. Kabla hujalipia dirisha, piga simu uulize gugu limelala upande gani siku hizo.

Mama yangu amelazwa hospitali kuu ya Jaramogi. Natoka Vihiga, sijui nitakaa siku ngapi, na pesa ni chache. – Binti yake

Pole sana, dada. Mama apate nafuu upesi. Hospitali hiyo ndiyo utakayosikia watu wakiiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Iko barabara ya Kakamega, karibu na Kondele, kwa hiyo usikubali kupelekwa gesti ya upande wa pili wa mji kwa kuwa tu ni nafuu kwa shilingi mia mbili. Nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa siku, ukipeleka uji, ukifua kanga, ukiitwa kununua dawa, itakula akiba hiyo kabla ya jioni.

Tafuta chumba Kondele au kandokando ya barabara hiyo, mahali unapoweza kwenda kwa miguu mchana. Kondele hailali: matatu, muziki, wauzaji wa usiku. Omba chumba cha nyuma, kisichotazama barabara. Lipa siku kwa siku. Ukilipa wiki nzima na mama akaruhusiwa Jumatano, kurudishiwa pesa ni vita ambavyo huna nguvu navyo kwa sasa. Uliza pia kama watakuchemshia maji ya chupa ya chai asubuhi. Gesti nyingi ndogo hufanya hivyo bila malipo ukiwaambia una mgonjwa. Waambie, usione haya. Nikiwa mapokezi, mgeni mwenye mgonjwa tulimpa funguo za mlango mkubwa, maana simu ya hospitali haichagui saa. Na ukiitwa usiku, chukua tuktuk hata kama ni karibu.

Ndege yangu inaondoka alfajiri. Nilale karibu na uwanja wa ndege? – Msomaji, Kisii

Hakuna haja. Uwanja uko kilomita chache tu kutoka mjini, barabara ya Busia. Lala mjini, patana na dereva jioni, na chukua namba yake na ya mwenzake mmoja.

Nimezaliwa Nyahururu, joto na mbu wa Kisumu vinanitisha. Niangalie nini chumbani? – Mama Shiku

Mama Shiku, uko sahihi kuuliza. Kwanza chandarua. Usitosheke kukiona kimefungwa fundo juu ya kitanda. Kifungue, kinyanyue kuelekea taa, upitishe mkono kwenye kona na mishono, maana tundu la kupitisha kidole tu linatosha. Kikiwa kifupi kiasi cha kutofika chini ya godoro, omba kingine. Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hiyo dirisha lifungwe au liwe na wavu kabla ya magharibi.

Joto nalo: kimbia chumba cha juu kabisa chini ya mabati. Kinanyonya jua kutwa na kukurudishia usiku. Washa feni ukiwa bado na mhudumu, uiache dakika mbili usikie inavyolia.

Sasa lililo zito zaidi, na naomba mlishike nyote mnaotoka sehemu za baridi. Malaria haijitokezi siku uliyoumwa na mbu. Huchukua wiki moja au zaidi, na wakati huo mtu amesharudi nyumbani, anadhani ni homa ya baridi. Ukipata homa baada ya safari, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari, bila kungoja akuulize, kwamba ulilala Kisumu. Mjamzito na mwenye mtoto mdogo waonane na daktari kabla ya safari.

Nimeona nyumba nzuri ya kukodi kwa siku, picha safi, lakini mwenyewe anataka nusu ya pesa kwanza. Nimtumie? – Msomaji, Bungoma

Usitume bado. Mimi mwenyewe, mwenye uzoefu wote huu, nilituma nusu kwa nyumba ya mji mwingine. Nilifika saa mbili usiku na begi, nikiwa na mtoto amelala mgongoni. Mlinzi akaniambia mimi ni wa tatu wiki ile kuulizia nyumba isiyokuwepo. Yule niliyemtumia hakushika simu tena. Usiku ule naukumbuka hata leo.

Mpigie simu ya video akutembeze, kuanzia langoni hadi chooni. Mwenye nyumba halisi hatachukia. Uliza jengo liko karibu na nini, kisha umuulize mtu wa bodaboda wa hapo. Kabla M-Pesa haijamaliza kutuma hukuonyesha jina la mpokeaji: likiwa si lile uliloambiwa, sitisha. Na kama anakuharakisha kwa kusema kuna wateja wengine wanne wanaisubiri, waache waichukue. Fika Kisumu mchana, shuka steji, acha mzigo mahali pa kuaminika, na uzungukie gesti tatu kwa miguu. Siku za kawaida vyumba vipo. Kukiwa na mkutano mkubwa au mechi, hapo ndipo uweke nafasi wiki kadhaa mapema, tena kwa hoteli yenye ofisi unayoweza kuipigia.