Uliza Mchapaji: Printa ya fulana ninunue ipi?

SWALI: Habari yako fundi. Nina duka dogo hapa Free Area, Nakuru. Nachapa fulana za vikundi, kwaya na sherehe za familia kwa silkskrini. Siku hizi wateja wanataka picha yenye rangi zote, tena fulana moja au tano tu, na silkskrini hainilipi kwa kazi ya namna hiyo. Nimeweka akiba, na chama chetu kimekubali kunikopesha kilichobaki ninunue printa ya DTG, ile inayochapa wino moja kwa moja kwenye kitambaa. Nimetajiwa Epson F2100, Brother GTX na Ricoh Ri 100. Kuna pia kijana anayeuza Epson L1800 iliyogeuzwa kuchapa fulana, bei yake nafuu sana. Ipi inanifaa?
— Mama wa Fulana, Nakuru

JIBU: Mama, kabla hujamwita muuzaji yeyote, fungua daftari lako la oda za miezi michache iliyopita. Andika upande mmoja fulana nyeusi, za maruni na za bluu iliyokolea. Upande wa pili andika nyeupe na za rangi hafifu. Kisha angalia kama hizo za giza huja kila siku ya kazi, au huja kwa kishindo wiki moja halafu kimya. Mimi ningenunua au ningeacha kununua kwa kutazama hapo tu.

Sababu ni wino mweupe. Fulana ya giza haichapiki mpaka mashine itandike kwanza tabaka la weupe, ndipo rangi nyingine zikae juu yake. Weupe huo unatokana na titani dioksidi, unga uleule unaotumika kwenye rangi za ukuta. Unga huo ni mzito, na mashine ikilala bila kazi unatuama kwenye mirija, unakauka mdomoni mwa nozeli, vile vitundu vidogo vya kutolea wino, na kuziba kichwa cha printa. Kichwa ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko spea nyingine nyingi za mashine hiyo. Wino wa rangi za kawaida hauna usumbufu wa kiasi hicho.

Huko kwenu kuna jambo la ziada. Sisi wa Kisumu tuna unyevu wa ziwa, lakini Nakuru mwezi wa Januari na Februari hewa hukauka na vumbi halikosi. Printa hizi hufanya kazi vizuri unyevu wa hewa ukiwa asilimia 40 hadi 60 hivi. Utahitaji chumba kinachofungwa, kipimo cha unyevu ukutani na kifaa cha kutoa mvuke baridi. Weka pia UPS, maana stima ikipotea katikati ya kazi kichwa hubaki wazi, hakijarudi kwenye kifuniko chake, na wino unaanza kukauka papo hapo.

Sasa mashine zenyewe. Ricoh Ri 100 ni ndogo na rahisi kutunza, lakini haina wino mweupe kabisa. Kama daftari lako limejaa fulana nyeupe, ni mashine ya heshima. Ukipata mteja wa fulana nyeusi, huna la kumfanyia.

Epson F2100 na Brother GTX zote zina weupe, na eneo la kuchapa halipishani sana: Epson hufika sentimita 40.6 kwa 50.8, Brother imezidi kidogo tu kwa urefu. Usipoteze usingizi kulinganisha uzuri wa picha, kwa maana mteja wako hataona tofauti. Tofauti ipo katika matunzo. Epson hujisafisha yenyewe kwa sehemu kubwa, jambo linalomfaa mtu anayefanya kazi peke yake dukani. Brother imejengwa kiwandakiwanda, na inakutaka wewe mwenyewe uwe na mkono wa kufuta, kubadilisha vifaa vya kusafishia na kufuata ratiba bila kuruka. Zote zinakudai utikise wino mweupe kila siku, Jumapili ikiwemo. Kwa duka la ukubwa wako ningechagua Epson, kwa sharti moja: muuzaji akuandikie kwenye waranti nani atakuja Nakuru mashine ikigoma, na spea anaziweka wapi. Akisema utaisafirisha wewe mpaka Nairobi, ondoka.

Hiyo L1800 iliyogeuzwa, tafadhali iache. L1800 ilitengenezwa kuchapa picha kwenye karatasi, na haina mfumo wa kuzungusha wino mweupe usituame. Ikigeuzwa, waranti ya kiwanda imekwisha, na fundi pekee anayeijua ni yule kijana. Najua bei yake inavutia, lakini hiyo ni pesa ya chama, na wenzako watataka marejesho mwisho wa mwezi hata kama nozeli zimeziba.

Ukienda kutazama mashine yoyote, usikubali fulana ya maonyesho ya muuzaji. Beba zako, zilezile unazonunulia wateja. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuwashe kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. DTG inapenda pamba. Fulana nyingi za bei ya chini sokoni zina mchanganyiko, na rangi hufifia baada ya kufuliwa mara chache. Kisha omba majaribio ya nozeli za weupe, yachapwe mbele yako kwenye plastiki angavu. Utaona vistari vifupi vimepangana kama ngazi. Kistari kikikosekana, nozeli hiyo haitoi wino. Vikikosekana vingi, msikilize kwa makini anavyoeleza. Muulize pia picha yako imekula mililita ngapi za wino, weupe peke yake na rangi peke yake. Weupe ndio utakaokula faida. Jumlisha dawa ya kupulizia kabla ya kuchapa, ambayo fulana ya giza haiwezi kuikosa, na muda wa presi ya joto, mara moja kukausha dawa na mara ya pili kuivisha wino.

Mama, kwa jinsi ulivyoeleza oda zako, mimi ningeanza na presi ya joto nzuri peke yake. Agiza picha za DTF, yaani zilizochapwa kwanza kwenye filamu ya plastiki, kwa mita kutoka kwa mwenye mashine, ubandike mwenyewe dukani kwa presi. DTF hukaa juu ya kitambaa kama ngozi, na picha kubwa ya kifuani humtoa mvaaji jasho. DTG huzama kwenye uzi na ni laini kuvaa. Hilo sikufichi. Lakini DTF hushika pamba na mchanganyiko, na wino ukiziba unaziba kwa mwingine. Presi hiyo hutaipoteza, kwa sababu DTG nayo haifanyi kazi bila presi. Fulana za giza zikianza kuingia kila siku, nenda kwa chama uwaonyeshe daftari, mchukue F2100.

SWALI: Fundi, timu yetu ya mtaa inataka jezi zenye majina na namba. DTG itafaa?
— Kijana wa Bungoma

JIBU: Jezi karibu zote ni poliesta, kwa hiyo hapana. Jezi nyeupe au za rangi hafifu zipeleke kwa mwenye sablimesheni. Rangi huingia ndani ya uzi kwa joto la nyuzi 190 hadi 200 na haibanduki. Za giza, tumia vinili, plastiki nyembamba inayokatwa herufi na kubandikwa kwa joto, kwa majina na namba. Mwambie anayebandika apunguze joto, maana poliesta ya rangi nyekundu hupenda kutoa rangi yake na kuchafua namba nyeupe iwe ya waridi. Ajaribu jezi moja, aiache usiku kucha, ndipo aendelee na nyingine.