Usishuke Penrith! Nyumba ya Wordsworth siyo moja

Mleta mada, hiyo tiketi usikate kwanza. Umesema Jumamosi unampeleka mama "nyumba ya Wordsworth" kule Cockermouth, kaskazini mwa Uingereza, akaone chumba ambamo huyo mshairi wa Kiingereza aliandika lile shairi la maua ya dafodili alilokaririshwa shuleni. Halikuandikwa pale! Anayekwambia ni mtu aliyetupa pauni 190 za treni pamoja na heshima yake mbele ya mzazi.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu wa Tanga, alikuja London kutusalimia. Shairi hilo analighani mpaka leo akinyoa ndevu. Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp, jamaa mmoja akajibu kama mwenyeji: shukeni stesheni ya Penrith, pandeni basi mpaka Cockermouth, nyumba imeandikwa Wordsworth House, hampotei. Na kweli hatukupotea. Tulifika moja kwa moja mahali ambapo sipo.

Ni jumba zuri, hilo sibishi. Nyuma kuna bustani, na mto Derwent unapita hapo hapo. Mzee akatazama ngazi, akatazama dari, kisha akamuuliza mama wa mapokezi kwa Kiingereza chake cha ubaoni: alikuwa akiandikia chumba kipi? Yule mama akaona aibu kwa niaba yetu. Akaeleza taratibu kwamba hapa Wordsworth alizaliwa tu, 1770. Mama yake alifariki yeye hajatimiza miaka 8, baba akafuata 1783, watoto wakawa wa kulelewa huku na huku. Nyumba yenyewe haikuwa ya kwao, ilikuwa ya tajiri aliyemwajiri baba. Na shairi je? Hilo ni la Dove Cottage, nyumba yake nyingine kule Grasmere, kama kilomita 40 kutoka pale.

Yaani mtu anataka kuona meza aliyoandikia Shaaban Robert, wewe unampeleka alikotahiriwa.

Eti miaka ya 1930 jumba lile lilinusurika kubomolewa wajenge stendi ya mabasi. Siku ile ningewaunga mkono, maana basi ndilo nililokuwa nalihitaji. Basi mpaka Keswick, tukasubiri kwenye mvua, basi jingine mpaka Grasmere. Tumefika, mlango umefungwa. Kijumba kidogo cheupe, zamani kilikuwa kilabu cha pombe. Mzee akasimama nje na mwavuli, kimya. Siku zote huniita "mwanangu". Jioni ile aliniita jina langu kamili, na la ukoo.

Jamaa wa WhatsApp nilipombana akakiri hajawahi kufika, aliiona kwenye ramani ya simu. Hajawahi kufika! Ukiwa hujui si unyamaze tu, kwani kundi linatoza faini kwa kunyamaza?

Sasa shika hili: usiulize nyumba ya mshairi iko wapi, uliza aliishi humo kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani, halafu linganisha na mwaka wa shairi. Dafodili waliziona yeye na dada yake Dorothy kando ya ziwa Ullswater, Aprili 1802. Dorothy akaandika kwenye shajara yake, kaka mtu akaja kutunga kama miaka miwili baadaye, na mistari miwili ni ya mkewe, Mary. Dove Cottage walikaa kuanzia Desemba 1799 hadi 1808. Umeona hesabu? Na asije mtu akakupeleka Rydal Mount, nyumba yake ya baadaye iliyokuwa wazi kwa wageni miaka mingi, maana alihamia 1813 akakaa mpaka kifo chake 1850. Shairi lilishachapwa tangu 1807.

Kwa hiyo treni ya kutoka Euston, London, unashukia Oxenholme, siyo Penrith. Unaunganisha mpaka Windermere, hapo unapanda basi namba 555, linapita Ambleside na Rydal ndipo Grasmere. Nendeni asubuhi.

Mimi nilirudi Dove Cottage peke yangu, mzee ameshaondoka. Juu kuna kachumba ambako Dorothy alibandika magazeti ukutani kuzuia baridi. Nilimpigia picha nikamtumia. Akajibu: "Nimeona."

Ulikuwa umeuliza habari ya chakula na sijui nini kuhusu watoto. Chakula sikula, nilikuwa nakimbiza basi. Kabla hujalipa, andika hapa jina la kituo kilichoko kwenye tiketi nilione.