Maswali ya Wasomaji: Madaftari Yapo, Mtoto Hayupo Darasani

Mwezi huu barua nyingi tulizopokea zimehusu misaada ya elimu vijijini, na nyingi kati yake zimeandikwa na watu wanaotoa kuliko wanaopokea. Tumechagua tano na kuzifupisha. Majina ya waandishi, ya shule na ya vijiji tumeyaacha kwa maombi yao wenyewe.

SWALI: Sisi ni watu 32 tuliosoma shule moja ya msingi mkoani Dodoma, na sasa wengi wetu tunaishi mijini. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukichanga fedha, na kila Januari tunanunua sare, madaftari na mabegi kwa watoto 50 wa kaya maskini ambao mwalimu mkuu anatuchagulia. Mwaka huu wenzetu wawili walipita shuleni mwezi Machi bila kutoa taarifa, wakakuta watoto 19 kati ya hao hawajaonekana kwa wiki kadhaa. Wanachama wamevunjika moyo na baadhi wanataka tuache. Tulikosea wapi? (Katibu wa kikundi, Dodoma)

JIBU: Ndugu Katibu, hamkukosea kutoa. Mlichotoa, hata hivyo, humfikia mtoto siku moja tu ya mwaka, ilhali kinachomwondoa shuleni humkuta kila asubuhi. Mwaka wa masomo nchini una siku 194. Sare mpya humleta mtoto darasani Januari, lakini haimlishi Februari, wakati ghala za kaya nyingi za kwenu zimebaki vumbi na mazao mapya bado yako shambani, wala haimzuii mzazi kumpeleka kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, mtama unapoanza kutoa masuke.

Kabla ya kununua chochote mwakani, ombeni kuketi na walimu wa madarasa mpitie daftari la mahudhurio mwezi kwa mwezi. Daftari hilo lina habari nyingi kuliko risala yoyote mtakayosomewa. Mtoto anayekosekana siku ya mnada tu, huenda anachunga mifugo au anauza kitu kwa niaba ya nyumba. Anayekosekana Februari na Machi yuko kwenye palizi au anaamia ndege, na anayekuja asubuhi akatoweka baada ya mapumziko, mara nyingi ana njaa. Hao ni watoto watatu wenye shida tatu, na begi jipya haliondoi hata moja.

Kama mtaniuliza pa kuanzia, nitasema sufuria. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu ya msingi, uliotolewa mwaka 2021, unaiweka kazi hiyo mikononi mwa wazazi na jamii pamoja na shule, lakini vijiji vingi hukwama kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Tuipige hapa. Tuchukulie shule ina wanafunzi 300, na kila mmoja anapikiwa makande ya gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku. Kwa siku 194, mwanafunzi mmoja atahitaji takriban kilo 29 za mahindi na kilo 8 za maharage, yaani kama debe moja na nusu la mahindi na chini ya nusu debe ya maharage. Shule nzima itahitaji karibu magunia 87 ya mahindi na magunia 23 ya maharage, kila gunia likiwa na kilo 100.

Debe moja na nusu si mzigo mkubwa kwa mzazi likiombwa mwezi Juni, mahindi yakiwa bado uani. Likiombwa Februari ni mateso, kwa sababu mzazi huyo naye ananunua sokoni kwa bei ya juu. Kwa hiyo chakula cha mwaka mzima kikusanywe wakati wa mavuno na kihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi watakuwa wamekula kabla ya watoto. Hapo ndipo kikundi chenu kinaingia. Wazazi wanaojiweza watoe nafaka, nanyi mlipie sehemu ya kaya ambazo mkutano wa kijiji umekubali kwamba haziwezi, mnunue sufuria kubwa na mifuko, mjenge jiko linalobana kuni na, fedha zikiruhusu, mweke tanki la kuvuna maji ya mvua. Msimsahau mpishi. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu mama wawili waliokuwa wakipika kwa kujitolea walichoka baada ya muhula mmoja, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nao wana mashamba yanayowasubiri.

Neno moja kuhusu uteuzi. Kumwachia mwalimu mkuu peke yake kazi ya kuchagua watoto ni kumtwika lawama, kwa kuwa kila mzazi aliyeachwa atasema amependelewa mwingine. Orodha iandaliwe na kamati ya shule pamoja na wenyeviti wa vitongoji, na pale ambapo Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, yaani UWAWA, uko hai, nao uhusishwe. Wala msichague kwa alama za mtihani: mtoto anayelala njaa hawezi kuwa wa kwanza darasani, na mkimsaidia wa kwanza pekee mtakuwa mnamsaidia aliyekuwa na nafuu tangu mwanzo. Na ile hafla ya Januari, ya watoto kusimamishwa mstarini wakipigwa picha na mabegi yao, mngeiacha. Wenzao huwaita majina kwa ajili yake mwaka mzima.

SWALI: Mimi ni mjane mwenye watoto wanne, wawili wako shule ya msingi. Kijiji chetu kilikubaliana kila mzazi atoe mahindi na fedha kidogo za mpishi. Mimi sikuvuna. Mwanangu wa darasa la tatu alirudishwa nyumbani aje na mahindi, na siku mbili hakwenda. Tuliambiwa elimu ni bure. Sasa ni bure au si bure? (Mama, Singida)

JIBU: Pole sana, mama. Lililoondolewa ni ada. Ada ya shule za msingi za serikali, iliyokuwa shilingi 2,000, ilifutwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 utaratibu wa elimu bila ada ulifika hadi kidato cha nne. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa shule ya msingi imekokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Hata ingebaki yote shuleni, ukiigawa kwa siku 194 unapata kama shilingi 52 kwa siku, na hizo zinunue chaki, karatasi za mitihani na matengenezo madogo. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa, sare na madaftari viliachwa kwa mzazi. Ndiyo maana kijiji chenu kimekaa na kukubaliana, na mimi siwalaumu kwa hilo.

Kumrudisha mtoto nyumbani ni jambo jingine kabisa. Michango ya wazazi katika shule za umma ni ya hiari, na viongozi wa serikali wamerudia mara nyingi, hasa tangu katazo la Januari 2018, kwamba mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Deni, kama ni deni, ni la mtu mzima na lidaiwe kwa mtu mzima. Mrudishe mwanao shuleni kesho asubuhi, uende naye, na umwombe mwalimu mkuu faragha umweleze hali yako. Usipoelewana naye, nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha kwa mtendaji wa kijiji na kwa Afisa Elimu Kata. Mara chache jambo la namna hii huhitaji kufika kwa mkurugenzi wa halmashauri, ingawa mlango huo nao uko wazi.

Katika mkutano ujao wa kijiji, wewe au mtu unayemwamini aombe muhtasari uandikwe kwamba kaya zisizojiweza zimesamehewa, au zinaweza kuchangia kwa nguvu, kwa mfano kusaidia kupika siku moja kwa wiki. Likiandikwa, mwalimu wa zamu hatakuwa na sababu ya kumuuliza mtoto. Lisipoandikwa, huruma ya leo itaondoka na uhamisho wa mwalimu.

SWALI: Sekondari yetu ya kata iko kilomita 11 kutoka vitongoji vya mbali. Wasichana wamepanga vyumba karibu na shule, wanaishi peke yao, na mambo si mazuri. Tumefyatua matofali 20,000 tunataka kujenga bweni. Tuanze lini? (Mwenyekiti wa kijiji, Tabora)

JIBU: Mheshimiwa Mwenyekiti, matofali ni sehemu rahisi. Kabla ya kuchimba msingi, andikeni gharama za mwaka mmoja wa kuliendesha bweni hilo: chakula cha siku saba na si tano, mshahara wa matroni, mlinzi, maji, taa, na mwanamke mwingine wa kushika zamu matroni anapougua. Kama karatasi hiyo haina jibu la nani atalipa, mtakuwa na jengo lenye kufuli, nayo yapo mengi. Halmashauri ihusishwe mapema, pamoja na wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, kwa kuwa bweni lisilosajiliwa, lenye madirisha ya nondo na mlango mmoja, ni hatari kubwa zaidi ya kile chumba cha kupanga mnachokikimbia. Moto ukizuka usiku, mlango wa pili na nondo zinazofunguka kutoka ndani ndivyo vitakavyoamua nani atatoka hai.

Wakati ujenzi ukisubiri, wasichana hao wako kwenye gheto usiku wa leo. Kijiji kinaweza kuorodhesha kaya zilizo karibu na shule ambazo ziko tayari kuwapokea wawili wawili, wazazi wao wakileta unga na kuni, na kina mama wawili wanaoheshimika wakipita kila wiki kuwatazama. Iwe kwa makubaliano ya maandishi, na kaya yoyote ichunguzwe kabla ya kupewa mtoto. Baiskeli nazo husaidia pale njia inapopitika, ila anayenunua baiskeli anunue na pampu, viraka na minyororo, na amlipe fundi wa kijijini kuzikagua.

Kuhusu wadogo wa darasa la awali na la kwanza katika vitongoji hivyo vya mbali, tazameni uwezekano wa shule shikizi, yaani madarasa madogo ya karibu yaliyo chini ya shule mama. Mtoto wa miaka sita hapelekwi kilomita 11 kwa lolote.

SWALI: Kaya yetu inapokea ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kikundi cha msaada kijijini kimetuambia hatustahili kitu kingine. Ni sahihi? (Baba wa watoto watano, Kigoma)

JIBU: Hakuna mantiki katika uamuzi huo. Kaya iliyoandikishwa TASAF imekwisha kutambuliwa na jamii yenyewe kwamba ni maskini, kwa hiyo orodha hiyo ingekuwa pa kuanzia na si pa kufungia. Tena ruzuku hiyo ina masharti ya elimu, mtoto akitakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na anayekosa viatu au chakula ndiye atakayeshindwa kuyatimiza. Kikundi kiangalie ruzuku hiyo inatosheleza nini katika nyumba ya watoto watano, kisha kijaze kinachopungua.

SWALI: Binti wa jirani yangu aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Sasa mtoto wake ana miezi minane na anatamani kurudi. Akina mama wa kikundi chetu wamegawanyika, wengine wanasema tutakuwa tunahimiza tabia mbaya. Sheria inasemaje, na sisi tumsaidieje? (Mwalimu mstaafu, Lindi)

JIBU: Mwalimu wangu, shikamoo. Kuhusu utaratibu hakuna tena mjadala: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Asipopenda kurudi kuketi na wadogo zake, kuna njia ya pili kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako husoma masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Kwa walioacha au kukosa shule ya msingi kuna madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaliyogawanywa kwa wenye miaka 9 hadi 13 na 14 hadi 18.

Kwa wale akina mama wenye shaka, waombe wakumbuke wasichana waliofukuzwa miaka ya nyuma katika kijiji hicho hicho, kisha wajiulize kama kufukuzwa kwao kuliwazuia waliofuata. Wewe umefundisha, unawajua kwa majina.

Wapo pia wanaoweza kumshika mkono kuliko sisi wazee. Shirika la CAMFED, lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005, limeonyesha jambo ambalo kikundi chochote kinaweza kuliiga bila fedha nyingi: wasichana wa vijijini waliomaliza sekondari hurudi katika shule za kwao kuwashauri wadogo zao. Mtafuteni mmoja katika kata yenu, hata kama ni muuza duka, awe anapita kwa binti huyo kila wiki.

Lakini swali la kwanza si sare wala karo, ni nani atakaa na mtoto kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kama ni bibi yake, mwulizeni bibi anaacha kazi gani ili amlee, na kikundi kimfidie hiyo. Kama shule iko karibu, mwalimu mkuu aombwe amruhusu binti atoke wakati wa mapumziko akanyonyeshe. Hayo mawili yakipata jibu wiki hii, anaweza kuripoti Jumatatu hata kwa sare ya kuazima.