Kabla ya Kupigana, Msikilize Mchora Ramani

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Gemu gani ngumu ilikushinda mwanzoni, na ungemwelekeza vipi anayeianza leo?" Naomba nafasi ndefu kidogo kuliko kawaida. Gemu yangu ni Hollow Knight, na nimeona watu wengi wakiiacha ndani ya saa mbili za kwanza, karibu wote kwa sababu moja. Kupigana wanaweza. Wamepotea tu, na hakuna aliyewaambia kwamba kutafuta njia ndiyo kazi yenyewe.

Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Niliiweka gemu hii kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ikakubali bila kusumbua, kwa hiyo asije mtu akadhani inahitaji mashine ya bei kubwa. Wiki ya kwanza nilicheza bila sauti. Sebule yetu na chumba cha mama vinatenganishwa na pazia, na mama hulala mapema ili awahi swala ya alfajiri. Nikazima spika, nikacheza kimyakimya.

Unaongoza kiumbe kidogo chenye pembe mbili na uso mweupe kama barakoa, na silaha yake ni msumari. Unafika kijiji kimoja kinachoitwa Dirtmouth, kimebaki na mzee mmoja amesimama nje, kisha unashuka kisimani na kuingia Hallownest, ufalme wa wadudu ulioanguka zamani. Eneo la kwanza huko chini ni Forgotten Crossroads. Nilizunguka humo usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Korido za mawe, rangi ya majivu na buluu, mlango huu unakurudisha kwenye ule. Sikuwa na ramani. Nilidhani gemu yenyewe haina.

Usiku wa tano nilikuja na hedifoni kutoka kibandani, za mteja aliyezitelekeza, nikazichomeka. Nikiwa nashuka njia ambayo nilishaipita labda mara kumi, nikasikia mtu anaimba, mdomo umefumbwa, wimbo wa mtu aliyezama kwenye kazi yake. Nikavua hedifoni nikidhani ni jirani. Kimya. Nikazivaa tena, sauti ile ipo. Ndipo nikatazama chini: kuna vipande vya karatasi vimetapakaa sakafuni, vile vile nilivyokuwa navipita siku zote nikiviona ni mapambo. Nikavifuata. Mwisho wake amekaa mdudu mnene mwenye miwani, anachora. Anaitwa Cornifer, na ramani ya eneo lile aliniuzia kwa geo 30, ambazo ndizo pesa za huko.

Gemu hii ilitengenezwa na Team Cherry, kikundi kidogo cha Adelaide, Australia, kilichoanzishwa na Ari Gibson na William Pellen. Mwaka 2014 waliomba michango ya watu kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, wakapata dola za Australia zaidi ya 57,000, na gemu ikatoka Februari 2017. Picha zake zimechorwa kwa mkono. Nayasema haya kwa sababu yalinibadilisha namna ya kutazama: watu wachache wenye pesa kidogo hawakai kuchora karatasi sakafuni kwa ajili ya kujaza nafasi. Karatasi ile imewekwa ili uifuate. Muziki wa Christopher Larkin nao na sauti zote za humo zina kazi. Viwavi waliofungiwa ndani ya chupa za kioo, jumla yao 46, utawasikia wakilia kabla hujawaona. Hornet, binti mwenye sindano utakayepambana naye baadaye, hupiga ukelele kabla ya kuirusha. Anayecheza bila sauti amejinyima nusu ya msaada aliowekewa.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeanza leo ni hili. Vaa hedifoni. Ukishuka kisimani, usitafute bosi (adui mkubwa wa eneo), mtafute Cornifer. Ukishanunua ramani, rudi juu Dirtmouth kwa mkewe, Iselda, ambaye ana duka. Kwake kuna vitu viwili ambavyo lazima uvinunue kabla ya kingine chochote. Cha kwanza ni kalamu, geo 120. Bila kalamu, ramani uliyonunua itabaki vilevile hata ukitembea mwezi mzima, kwa sababu huna cha kuchorea. Cha pili ni hirizi ya dira, geo 220, inayokuonyesha ulipo kwenye ramani. Hirizi huvaliwa ukiwa umekaa kwenye benchi, na ramani nayo huongezwa ukikaa hapohapo. Wengine watakuambia dira inakula nafasi ya hirizi ya kupigania. Ni kweli, unaanza na nafasi tatu tu na dira inachukua moja. Ivae hivyohivyo. Mtu asiyejua alipo hana haja ya msumari mkali.

Ukitumia kibodi, bonyeza Tab bila kuachia, ramani itafunguka huku unaendelea kutembea. Mimi niliigundua nikiwa nimeshamaliza robo ya gemu.

Sasa pesa. Sisi tumelelewa kwa msemo kwamba akiba haiozi. Hallownest akiba huoza, na huoza kwa pigo moja. Ukifa, kivuli chako kinabaki karibu na ulipofia, kikiwa na geo zako zote, na chombo chako cha roho, nguvu unayojitibia, kinapasuka, hakijai tena mpaka ukirudie kivuli hicho na kukipiga. Ukifa mara ya pili kabla ya kukifikia, zile geo zimekwenda moja kwa moja. Kuna muuzaji mmoja, Sly, utamkuta kwenye kibanda ndani ya Crossroads akiwa kama amerogwa. Ukimzindua atarudi Dirtmouth na kufungua duka, na dukani kwake kuna taa ya geo 1,800. Niliitamani ile taa kwa sababu kuna mahali pana giza totoro. Nikajikusanyia, nikafika geo 1,400 na kitu, nikasema acha nichungulie eneo jipya mara moja tu. Nilikufa huko. Nikarudi mbio kukitafuta kivuli, nikafa tena nikiwa nakiona kwa macho, kinaelea juu ya miiba. Niliifunga kompyuta, sikuigusa siku tatu.

Tangu hapo sheria yangu ni moja: kabla ya kuingia nisikokujua, natumia nilichonacho. Ramani, kipande cha barakoa (barakoa ndizo uhai wako), chochote kinachobaki mwilini mwangu hata nikifa. Taa nilikuja kuinunua baadaye, pesa zilipokuwa zinaingia kwa wingi, na wala haikunichelewesha.

Kuhusu kupigana, nina mpwa wangu wa darasa la saba ambaye likizo iliyopita aliniomba nimfundishe. Nilimwacha acheze, mimi nikawa namwangalia mikono. Kila alipoumizwa alikimbia. Akibaki na barakoa mbili kati ya tano, anageuka nyuma, anaruka huku na huku, anafia njiani.

"Mjomba, dawa zinauzwa wapi?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali ambalo kila anayeanza analo kichwani. Dawa haziuzwi. Dawa unaitoa kwa adui. Kila pigo linaloingia linakupa roho kidogo, na mapigo matatu yanatosha kurudisha barakoa moja: unashikilia kitufe, unasimama bila kusogea kama sekunde moja, barakoa inarudi. Chombo kikijaa kina tiba tatu. Anayekimbia hapigi, na asiyepiga haponi. Nilimfundisha mpwa wangu kwa wale wadudu wadogo watambaao, wanaokufa kwa mapigo mawili. Awapige, apate roho, ajitibu, atoke, arudi, awapige tena. Alifanya hivyo kwa nusu saa na mikono ikatulia.

Jambo la pili nililomwonyesha ni kupiga chini ukiwa hewani. Ukiruka na kumpiga adui aliye chini yako, unadunda juu. Hata miiba unaidunda. Ni ufundi mdogo ambao gemu haikutangazii, lakini kuna sehemu nyingi ambazo hazipitiki bila huo, na kuna maadui ambao ni rahisi kuwaua ukiwa juu yao kuliko ukiwa mbele yao.

Bosi wa kwanza mkubwa ni False Knight, na hapo ndipo wengi hupoteza moyo. Jitu lenye deraya, limeshika rungu zito, na chumba chenyewe si kikubwa. Mpwa wangu alilivamia kichwakichwa mara sita. Nikamwambia safari ya saba usipige kabisa, ruka tu na kutazama, ufe ukiwa umeona. Akaona: kabla ya kupiga, linainua rungu juu na kulishikilia kitambo. Likiruka kukufuata, unapita chini yake kwenda upande wa pili. Likishapiga sakafu, mgongo wake uko wazi kwa mapigo mawili au matatu, si zaidi. Ukiongeza la nne kwa tamaa, ndilo linalokuponza. Ukilipiga vya kutosha linaanguka chali, kofia inafunguka, na ndani anatokea funza mdogo mweupe, laini, kichwa tu. Yule ndiye bosi mwenyewe. Funza dhaifu aliyejificha ndani ya deraya isiyokuwa yake. Mpwa wangu alipomwona mara ya kwanza alisita, hakupiga, na jitu likainuka tena.

"Mjomba, ni mdogo hivi?"

Alishinda jaribio la tisa. Nimeliandika hilo si kwa kumsifu, ila nataka msomaji ajue kwamba kufa mara nane ni kawaida kabisa, na kwamba kifo kimoja cha kutazama kilimfaa kuliko vile sita vya kukurupuka.

Kutoka hapo kuna konokono mzee katika Ancestral Mound atakayekupa uwezo wa kurusha roho kama kombora, na kombora hilo ndilo linalomwondoa mdudu mwingine mnene aliyeziba njia ya kuelekea Greenpath. Kumbuka tu kwamba kombora moja linagharimu roho ileile ya tiba moja, kwa hiyo kila ukirusha umechagua kutojitibu. Greenpath yenyewe ni ya kijani, ina majani na maji ya sumu, na mwisho wake baada ya Hornet unapata joho la kuchomoka kwa kasi. Sitaeleza zaidi. Wapo wanaomshauri anayeanza afungue video na kufuata hatua kwa hatua. Mimi napinga kwa nguvu. Gemu hii haikupangia njia moja, na raha yake ni kukumbuka kwamba kuna ukingo fulani uliushindwa wiki iliyopita na leo una joho. Ukikuta mahali ambapo adui anakuua kwa mapigo mawili, au pana giza hapaonekani kitu, weka alama kwenye ramani na uondoke. Iselda anauza pini za alama. Kuondoka huko hakuhesabiwi kushindwa, maana njia nyingine tatu bado zinakusubiri.

Gemu haina kiwango rahisi cha kuchagua, na haina Kiswahili. Hili la pili linaniuma. Mazungumzo yake ni mafupi lakini yamejaa mafumbo, na mpwa wangu ilibidi nimtafsirie, mengine nikishindwa namna ya kuyasema. Anayecheza na mdogo wake ajitahidi kumsomea, asiruke maneno. Mzee wa Dirtmouth ana upweke unaoeleweka katika lugha yoyote.

Naulizwa pia kama mtu aanze na Silksong, gemu inayofuata hii, iliyotoka Septemba 4, 2025, ambamo unamwongoza Hornet mwenyewe. Ushauri wangu ni hapana. Kule maadui wengi wanavunja barakoa mbili kwa pigo moja, kupiga chini kunakwenda kwa mshazari, na tiba inataka hariri nyingi (ndiyo roho ya kule) kwa mkupuo ingawa inarudisha barakoa tatu pamoja. Mikono iliyofunzwa Hallownest itazoea. Mikono mipya itateseka.

Mpwa wangu ameshaniomba hiyo Silksong. Nimemwambia asubiri. Juzi amefika City of Tears, mji ambao mvua hainyamazi kwa sababu juu ya paa la mwamba wake kuna ziwa. Kuna chumba chenye dirisha kubwa na benchi. Nilitoka kibandani saa mbili usiku nikamkuta amevaa hedifoni zile zile, kile kiumbe chake kimekaa kwenye benchi. Nikamuuliza amekwama wapi. Akaniashiria kwa mkono nisubiri. Alikuwa anasikiliza mvua.