Jibu: Mzoefu au anayejuana na watu?

Ndugu, umeuliza umwajiri nani kwenye biashara yako ndogo: mzoefu wa kazi au anayejuana na watu wengi. Ningemchukua wa pili, mradi kazi anaiweza. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kuwa waliopata kazi kwa kujuana, wengi walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara chache. Marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua. Habari mpya hutoka mbali kidogo. Hata wateja hupatikana hivyo. Ila tafadhali usimlazimishe kuwasumbua watu wake mitandaoni kila siku, utamharibia jina. Mlipe kamisheni, na akutambulishe kwao mapema, maana akiondoka anaweza kuondoka nao.