Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Kushoto na Staili za Kinanda

Napiga Yamaha PSR-E ya vibao 61 kanisani. Nikiwasha ACMP na kushika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C, mara besi inafuata, mara inang'ang'ania kodi iliyopita, tena piano inalia juu bila kuguswa. Kinanda kimeharibika?
Msomaji, Kasese

Kinanda ni kizima, ndugu yetu. Ukiwasha ACMP, yaani kitufe cha kinanda kujisindikizia kwa staili (ngoma, besi na kodi zilizoandaliwa), vibao vinagawanyika pande mbili: kushoto ni pa kodi, kulia ni pa wimbo. Kwenye Yamaha nyingi za aina yako mpaka umewekwa kiwandani kwenye namba 54 (ni namba ya noti ndani ya kinanda, si ya kuhesabu vibao), yaani F-shapu ya pili kutoka kushoto. Hesabu vibao vyote, vyeupe na vyeusi; cha 19 ndicho mpaka wenyewe.

Sasa tazama vidole vyako. Ukishika C-E-G kuanzia C ya pili, C na E zimo ndani, lakini G ni kibao cha 20. Imevuka. G hiyo inalia kwa sauti ya piano upande wa wimbo, na kinanda kinabaki na noti mbili tu za kukisia kodi.

Usianze kuhamisha mpaka, geuza mkono. C ishike G-C-E, F ishike A-C-F, G ishike G-B-D, ukianzia na G au A iliyo chini ya C ya pili. Zote zinakaa ndani. Zaidi ya hapo, ukitoka C kwenda F kidole kilicho kwenye C hakiinuki, na ukitoka C kwenda G kidole kilicho kwenye G hakiinuki. Weka tempo 70, zungusha kodi hizo tatu bila kupiga wimbo wowote mpaka macho yasihitaji kushuka kwenye vibao.

Sababu ya pili ya besi kung'ang'ania ni kuchelewa, na hii ndiyo inayowasumbua wengi zaidi. Staili hupiga besi ya pigo la kwanza kwa kodi iliyopo wakati huo huo. Ukifika baada ya pigo, noti mbaya imeshatoka, haina wa kuirudisha. Kumbuka kwamba kodi ikishatambuliwa unaweza kuachia mkono na staili itaendelea nayo, ilmradi SYNC STOP (inayosimamisha staili ukiachia kodi) imezimwa. Basi achia kwenye pigo la nne, panga vidole juu ya kodi inayofuata, ubonyeze kabla tu ya pigo la kwanza. Nusu pigo nzima ni mapema mno. Kodi itageuka kabla ya zamu yake.

Kwenye Yamaha yangu napata A maina kwa vidole viwili. Nikifanya hivyo hivyo kwenye Casio ya jirani, kodi zinatoka kombo.
Msomaji, Busia

Njia za mkato za kampuni hizi mbili hazifanani. Kwenye Yamaha, katika hali ya Multi Finger, unabonyeza A pamoja na kibao cheusi kilicho karibu zaidi upande wa kushoto wake. Ukitaka A7, unaongeza kibao cheupe cha kushoto badala ya cheusi. Am7 ni vyote viwili. Casio, katika hali ya CASIO CHORD, inahesabu vibao vya kulia: A na kimoja chochote cha kulia ni maina, na viwili ni A7, na vitatu ni Am7, vyote vikiwa ndani ya eneo la kodi. Anayehama kinanda hadi kinanda ajifunze kodi kamili za vidole vitatu. Hizo zinakubalika kote, mradi kwenye Casio uchague hali ya FINGERED.

Staili yetu inaanza vizuri, lakini kufika mstari wa pili waimbaji wanapiga makofi mahali pengine kabisa.
Kwaya moja, Kampala

Wimbo wenu bila shaka ni wa mapigo matatu nanyi mmewasha staili ya mapigo manne. Mnaanza pamoja, kisha pigo la kwanza la wimbo linakutana tena na la staili baada ya kila mapigo 12. Tafuteni staili ya waltz, au yoyote iliyoandikwa 3/4. Zikiwepo ngoma zenye mwendo wa baakisimba (ngoma ya Kiganda), jaribuni staili za 6/8 kwanza. Na kabla ya ibada, anayeongoza ahesabu wimbo kwa sauti, moja mbili tatu, huku staili ikilia peke yake. Kosa linaonekana papo hapo.

Tuna engalabi (ngoma ndefu ya Kiganda) na ngoma kubwa. Ngoma za kinanda zinagombana nazo.
Msomaji, Mukono

Wapigaji wa kweli wapewe nafasi yao. Mashine ndiyo inyamaze. Washa ACMP lakini usibonyeze START, na uhakikishe SYNC START (inayoanzisha staili ukigusa kodi) imezimwa. Kwenye Yamaha nyingi, ukishika kodi kushoto utasikia besi na kodi tupu, bila ngoma. Kodi utaibonyeza upya kwa kufuata engalabi.

Nilinunua adapta mtaani. Kinanda kinawaka, kisha kinazima nikiongeza sauti.
Msomaji, Arua

Soma maandishi ya adapta na ya tundu la kinanda. Yamaha nyingi ndogo zinataka volti 12, Casio nyingi ndogo volti 9.5. Volti ziwe sawa na alama za + na − kwenye mchoro wa plagi zilingane. Ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye kinanda. Ampea zikiwa chache kinanda kinawaka, lakini spika zikidai nguvu volti zinashuka na kinazima, kama unavyoona. Volti zikizidi, usijaribu hata kwa dakika moja.